Ndagala Ndani ya Bashi

Mimi si mutu wa kuona kinyaa ovyo. Nimelala juu ya magunia ya samaki, nimekunywa maji ya ziwa yenye mafuta ya injini, nimekula ugali wa baridi kwa mikono yenye magamba. Lakini mpaka leo, jua likiwaka baada ya mvua na nikisikia harufu ya plastiki yenye joto, natema mate na kuhama upande wa pili wa barabara. Watu wanaonijua hapa Kalemie wanacheka. Wanasema patron wa ndagala anaogopa bashi, plastiki ya kufunikia mizigo. Wacheke. Wao hawakuwa kwenye ile njia.

Nianze kwa kusema mimi ni nani, maana asiyejua nilikotoka hataelewa kwa nini nilipanda baiskeli wakati kamio yangu mwenyewe, lori zima, imesimama uani.

Shule niliachia darasa la tatu. Minerval, karo ya shule, ilikosekana, mwalimu akanionyesha nje, nikatoka na sikurudi. Nilianza na baiskeli, ile tunayoita kinga, nyeusi, isiyo na breki, iliyokwisha kuchosha watu wengine kabla yangu. Nilikuwa nachukua ndagala ufukoni, vile visamaki vidogo ambavyo jirani zetu wa Kigoma wanaviita dagaa, navipeleka vijiji vya upande wa Niemba, narudi na mawese na mahindi. Leo nina mitumbwi yenye taa, nina depo ya kuwekea samaki karibu na bandari, nina nyumba ya matofali ya kuchoma na madirisha ya vioo. Wale niliokaa nao darasani, waliobaki mpaka wakamaliza, wananisalimia Patron. Hakuna mutu aliyenipa. Wanaosema nilisaidiwa na pepo wa ziwa, ziwa liko palepale, waende wakamuombe na wao.

Na ndagala yangu inajulikana. Wengi hapa wanaanika chini, juu ya muchanga. Kuku wanapita, mbwa wanakojoa, jioni mutu anazoa kwa ufagio na kutia guniani. Ukitafuna, meno yanalia. Kinyaa kitupu, na watu wanakula. Mimi naanika juu ya vichanja vya nyavu, upepo unapita juu na chini, jua moja zuri, na ukishika konzi yangu inalia kama majani makavu.

Sasa, mutoto wangu wa kwanza, yule anayesoma Lubumbashi, akatupigia simu kwamba amepata binti na hataki mwingine. Binti ni wa kijiji kimoja kabla ya kufika Niemba. Baba yake anabeba mawese kwa kinga mpaka kwetu sokoni. Mimi nilifurahi. Nikasema afadhali bukwe, undugu wa ndoa, na mutu wa jasho kuliko na mutu wa biro, wa kukaa ofisini. Nikamwita huyo baba depo tuzungumze.

Alikuja na dada yake, shangazi wa binti. Yeye mutu mukavu, murefu, miguu imekaza kama mizizi. Dada mufupi, mwenye macho yanayopima kila kitu. Bidoni zake, madumu ya mawese, kaka alikuwa ameziegemeza nje. Akatazama kiti changu cha ngozi nilichomupa, hakukaa.

"Papa, unanenepa vizuri," akasema. Kwetu Papa na Mama ni majina ya heshima, hata kwa kijana.

"Mungu anasaidia, Papa."

"Kiti njo kinasaidia. Sisi wa kule juu tunasema watu wa ziwa hawana miguu. Wana matako tu, ya kukalia mutumbwi."

Wafanyakazi wangu walisikia. Mumoja alijifanya anakohoa.

Shangazi akaingia katikati, akaeleza desturi ya ukoo wao. Kwao kufungua mulango, yaani zawadi ya kwanza kabla ya kuzungumza mambo ya ndoa, si pesa. Baba wa kijana analeta chakula cha kwao, kwa mukono wake mwenyewe. Kinapikwa siku ileile, kinaliwa na pande zote mbili, na aliyekileta ndiye anaanza. 

"Upande mumoja ukikataa kula, mulango umefungwa," akasema. "Hatutoi mutoto tena."

"Hata kama wenyewe wanapendana?"

"Kupendana ni kwao. Mulango ni wetu."

"Nitaleta ndagala," nikasema. "Na sitaleta na kamio. Nitaleta kwa kinga, peke yangu, kama zamani."

Baba wa binti akatazama tumbo langu, akalizunguka kwa macho kama mutu anayenunua ng'ombe. "Kinga ya motere?"

"Ya miguu."

Akamugeukia dada yake. "Mama, siku hiyo weka maji ya moto karibu. Tutamukanda."

Mutoto wangu aliposikia alinipigia simu usiku huohuo. "Papa, wewe panda kamio. Ni msimu wa mvua. Hiyo ndagala njo ndoa yangu, Papa."

Nikamuambia, "Hiyo ndagala ni ya baba yako. Lini uliona ndagala ya baba yako inarudishwa?" Akasema, "Ndiyo, Papa." Ana elimu, anajua wakati wa kukubali.

Nilichagua samaki kwa mukono wangu, mumoja mumoja karibu, wote wa urefu sawa, wenye kung'aa. Magunia mawili. Nikayafunga kwenye chuma cha nyuma cha kinga, juu yake nikaweka bashi nyeusi ya plastiki, imekunjwa, kwa ajili ya mvua. Bibi yangu, yaani mke wangu, na mudogo wangu, ndugu wa tumbo moja, walikuwa waje nyuma na kamio, wakibeba mbuzi, vitenge na vitu vingine vya heshima. Mimi nikatangulia asubuhi, siku moja kabla ya siku tuliyopatana. Pale kwenye barabara ya kutoka muji watu wa taksi za pikipiki waliniona. Mumoja akaita, "Patron, kamio imekufa?" Nikamuambia kamio iko uani, inapumzika, mimi bado sijachoka.

Na kweli sikuchoka. Mutu akisema nilichoka atakuwa mwongo. Kilichonikuta ni njia na mvua.

Hiyo njia, wacha niseme. Mimi niliipita nikiwa kijana na ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa mbaya ya kawaida. Sasa ni mutaro. Katikati kuna mashimo ambamo bata wanaoga, pembeni watu wanajisaidia, na kila mutu anayepita anatupa chake: maganda ya mihogo, chupa za plastiki, panya aliyekufa amefungwa ndani ya mufuko kama zawadi. Nilikuwa napita nimefunga mudomo. Nilijiuliza ni watu wa namna gani wanaweza kunya mahali ambapo kesho wao wenyewe watapita.

Muchana mvua ikatokea upande wa milima. Haikuja polepole. Kwanza upepo, unaleta vumbi na harufu ya chuma, halafu giza, halafu matone makubwa, kisha mutu haoni tena muguu wake mwenyewe. Udongo mwekundu wa pale, ukilowa, unageuka gundi. Gurudumu linazunguka mara chache tu, udongo unajaa kati ya tairi na chuma cha kuzuia matope, kinga inasimama kama punda. Unashuka, unachokoa kwa kijiti. Kijiti kinavunjika, unachokoa kwa vidole. Na ndani ya ule udongo si udongo peke yake. Kuna mavi ya mbuzi, na kuna mavi yasiyo ya mbuzi, nimekwisha kusema njia ilivyo. Nilichokoa yote. Yaliingia chini ya kucha. Nilijifuta usoni kwa kusahau, nikaonja.

Hapo njo nilifunga bashi.

Kila mwenye kuuza ndagala anajua sheria moja, hata yule wa kuanika chini anaijua. Samaki mukavu anapumua. Mufunike juu, usimufunge. Ukimufunga anatoa jasho, na jasho lake njo kaburi lake. Mimi nimefundisha watu sheria hiyo. Lakini ile mvua ilikuwa inapiga kutoka juu, kutoka kushoto, na kutoka chini inaruka na matope. Ningeyafunika juu tu, magunia yangelowa mpaka katikati kabla ya saa kwisha. Basi nilizungusha bashi chini, pembeni na juu, nikakaza kwa mipira ya tairi la zamani mpaka muzigo ukawa kama jiwe jeusi. Nilisema mvua ikikata tu, nafungua. Wewe ungefanya nini?

Nikiwa hapo nasukuma, kamio yangu ikatokea nyuma, taa zinawaka muchana. Ikasimama. Mudogo wangu akatoa kichwa dirishani, mukavu, anatafuna karanga.

"Yaya, panda." Ananiita hivyo kwa sababu mimi ni mukubwa wake.

"Endeni."

"Basi hata ndagala peke yake ipande. Wewe ubaki na miguu yako."

"Nilisema kwa mukono wangu."

"Mukono wako umejaa matope, Yaya."

Bibi yangu akainama kutoka upande wa pili. "Papa, mvua haijui kama wewe ni patron. Leta ule muzigo. Fikiria mutoto."

"Njo nafikiria," nikasema. "Wakijua ndagala ilipanda kamio, watasema nilidanganya mbele ya mulango wao. Endeni."

Wakaenda. Gurudumu la nyuma likanitupia matope, mengine mudomoni. Matope ya kamio yangu mwenyewe.

Jioni nilijificha katika kanisa dogo la kijiji ambalo nusu ya bati imekwenda na upepo. Wanakijiji waliniruhusu kwa roho nzuri, sina neno nao. Lakini mbuzi wa kijiji chote walikuwa wametangulia. Popo nao walikuwa juu, wanadondosha vyao. Nililala nimeegemea kinga, mbuzi mumoja muzee ananisugua na pembe zake zenye harufu ya mukojo, na mvua haikukata mpaka kulipopambazuka. Bashi ilibaki imefungwa.

Asubuhi jua likatoka kali, lakini mawingu yalikuwa bado yamekaa milimani, meusi, yanasubiri. Nilifikiri nikifungua sasa, mvua itarudi na kunikuta na gunia wazi. Nikapanda, nikakanyaga. Plastiki nyeusi, jua la baada ya mvua, ndagala ndani. Hata mutoto wa darasa la kwanza angejua sufuria hiyo inapika nini. Nilijua na mimi. Nilikuwa najiambia, kijiji kinachofuata nafungua.

Kabla ya kijiji kinachofuata nikasikia harufu. Nikafikiri ni mbwa aliyekufa vichakani. Nikaziba pua na bega, nikakaza kukanyaga ili nimupite. Nikakanyaga kilima kizima. Harufu haikubaki nyuma. Kwenye muteremko upepo ulinipiga mbele, ikapungua kidogo, nikasema asante, tumemupita. Niliposimama kunywa maji ikanifikia, ikanikalia mabegani. Hapo nikaelewa kwamba mbwa nilikuwa nimemubeba mimi.

Nilifungua bashi kando ya kijito. Mvuke ulitoka kama wa chungu. Sitaki kueleza sana, lakini nitaeleza, kwa sababu watu wanadhani utajiri ni kukaa kitini. Gunia la juu lilikuwa limelegea kama tumbo la mutu muzee. Ndani ndagala zangu, zile nilizochagua, zile zilizokuwa zinalia kama majani, zimegeuka uji wa kijivu wenye macho. Macho elfu ya samaki yananiangalia kutoka kwenye uji. Pembeni ya mushono funza weupe walikuwa wamekwisha kufika, wanene, hawana haraka, wanatembea kama watu wa nyumbani. Nilitapika palepale. Nzi wakagawana kazi, wengine kwangu, wengine kwa gunia.

Gunia la chini lilikuwa afadhali. Afadhali ni neno la kujifariji. Katikati yake kulikuwa na sehemu ambayo ilikuwa imelowa bila kuoza kabisa.

Pale njia inapokutana na reli kuna soko dogo, watu wanangoja treni ambayo wenyewe hawajui itakuja lini. Mama mumoja alikuwa anauza ndagala kwa sahani. Aliniona nikisukuma kinga, akaziba pua kwa kitenge.

"Papa, hiyo ni dawa ya kufukuza nyoka?"

"Ni ndagala, Mama."

"Ilikuwa." Akaangalia muzigo vizuri. "Unapeleka wapi hiyo maiti?"

Nilikuwa nimechoka kuficha. Nikamuambia ni ya kufungua mulango wa mutoto wangu, hapo mbele, leo.

Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akanihurumia, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Akanisogezea sahani. "Chukua ya kwangu, Papa. Sema ni ya kwako. Ndagala haina kitambulisho."

Nikachukua mumoja, nikatafuna. Meno yakalia kwa muchanga. Nikaona pia unyoya mudogo wa kuku umenata mukiani. Hii njo ndagala ninayoitemea mate tangu nilipoanza kazi. Na nitasema ukweli, mukono wangu ulikuwa umekwisha kuingia mufukoni kutafuta pesa. Mutoto wangu alikuwa amenipigia asubuhi, simu ikashika mutandao kidogo, akauliza neno moja tu: "Imefika?" Nikamuambia inafika. Kwa hiyo mukono uliingia mufukoni.

Lakini nikafikiri hivi. Ndagala iliyooza ni bahati mbaya, mvua inajulikana na kila mutu. Ndagala yenye muchanga ni tabia. Wakitafuna muchanga pale mbele, kutoka huko mpaka Niemba watasema Patron wa Kalemie anauza muchanga, na mutoto wake ametoka katika muchanga. Ile iliyooza ilikuwa bado yangu. Ile ya sahani ilikuwa ya mutu mwingine na kuku wake.

"Asante, Mama. Hiyo yako imelala na kuku."

"Na yako imelala na shetani," akasema. "Nenda salama."

Nilipotoka sokoni, gunia la juu nililizika. Kweli, nilichimba kwa jembe la kuazima, nikafukia, maana sikutaka mutu alikute na kujua ni la nani. Lile la chini nililimwaga juu ya majani ya ndizi, nikachagua kwa vidole. Huyu, hapana. Huyu, hapana. Huyu, labda. Nikaosha zile labda katika kijito kingine hapo karibu, nikazitandaza juu ya matawi, jua likazipiga kidogo, mimi nafukuza nzi kwa shati. Nilichobaki nacho kilitosha sufuria moja, nikakifunga furushi kwa kipande cha gunia. Harufu haikuondoka. Ilikuwa imeingia ndani ya nyama, na ndani yangu pia, ndani ya nywele, ndani ya mate.

Nilifika kijijini kwao jua likiwa bado juu. Walikuwa wamekaa tayari chini ya kibanda cha makuti, viti vimepangwa pande mbili, upande wao na upande wetu. Bibi yangu aliponiona alisimama, kisha upepo ukamufikia, akakaa tena. Baba wa binti hakunisalimia kwanza. Alizunguka kinga, akaona tairi lilivyokula udongo, akaona magoti yangu yaliyochubuka, akarudi mahali pake.

Shangazi alipokea furushi kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka. Akalifungua mbele ya wote. Watu wa kiti cha mbele wakarudisha vichwa nyuma pamoja, kama majani yakipigwa na upepo mumoja.

"Papa," akasema shangazi taratibu, "hiki njo chakula cha kwenu?"

"Njo hiki, Mama. Kimepigwa na mvua."

Mudogo wangu akaninong'oneza sikioni, "Yaya, sema ulianguka mutoni. Nitarudi na kamio, nilete nyingine kesho."

"Kesho si leo," akasema baba wa binti, ambaye masikio yake ni makali kama miguu yake. "Mulango ulipangwa leo. Wapike."

Waliipika. Waliiosha na maji ya moto, wakamwaga, wakaosha tena, wakaweka malimau, pilipili, nyanya, mawese mpaka sufuria ikawa nyekundu. Moshi wa jikoni ulipotugeukia, wazee wa upande wao walihamisha viti, halafu wa upande wetu pia. Mbuzi tuliyemuleta alikuwa amefungwa pale karibu, munono, hana kosa lolote, nikamuangalia kwa wivu wa mutu mwenye njaa.

Sahani ikawekwa mbele yangu, ya kwanza, imejaa, na ugali pembeni. Kila jicho la kibanda likawa juu ya mukono wangu. Nikikataa, ni mimi niliyefunga mulango wa mutoto wangu, kwa kinyaa cha chakula nilichokileta mwenyewe. Sikuwa na mutu wa kumupa lawama. Ningependa kuwa naye.

Nilikata ugali, nikachota. Pilipili ilifika kwanza, nikashukuru. Nyuma ya pilipili ikaja ile nyingine, kali, ya kuchoma pua kama mukojo wa mbuzi wa kule kanisani, halafu ulaini. Ndagala haipaswi kuwa laini. Ndagala inapaswa kupigana na meno. Hizi zilijisalimisha, zikayeyuka, zikajipaka juu ya ulimi. Nikameza. Tumbo likarudisha. Nikameza tena ileile. Kwenye tonge moja kulikuwa na kitu cheupe, nikakiona, nikajua ni nini, nikakifunika na ugali na kukipeleka mahali pake. Jasho lilikuwa linanitoka mugongoni. Nilimaliza sahani. Nilipangusa mawese na tonge la mwisho, watu wasije wakasema nilibakiza.

Bibi yangu alikula nyuma yangu bila kukunja uso, nami sikujua mpaka siku hiyo kwamba nilioa mwanamuke wa namna hiyo. Mudogo wangu alimeza kama dawa ya malaria. Shangazi alikula, akafumba macho.

Mwisho baba wa binti. Alichukua konzi yake, akatafuna polepole, ananiangalia. Akatafuna zaidi ya inavyohitajika.

"Papa," akasema, "wakati wa vita nilikula mizizi. Nilikula ngozi ya kiti. Hii imepita yote."

Akameza. Akachukua tonge la pili, kwa hiari yake, akameza na hilo.

"Mulango umefunguka. Sasa muondoe hii sahani mbele yangu kabla haujafungwa tena."

Kina mama wakapiga vigelegele. Nikasimama taratibu, kama mutu anayekwenda kuangalia kinga yake. Nikazunguka nyuma ya jiko, nikashika ukuta, na yote yakatoka, nyekundu, mpaka nyongo. 

Nikiwa nimeinama nikasikia hatua. Binti mwenyewe, amejifunika kitenge kichwani, amegeuza uso kabisa pembeni, kwa sababu mukwe haangaliwi usoni. Ameshika jagi la maji.

"Papa, nawa."

Akanimwagia mikononi bila kuniona, maji mengine yakaniangukia miguuni. Nikasukutua.

"Mama," nikamuuliza, "na wewe walikupa hiyo ule?"

"Mimi njo nimepika, Papa. Nilikuwa naonja chumvi."

Sauti yake ilikatika. Akaweka jagi chini haraka, akakimbia kuzunguka kona ya jiko. Nikamusikia upande wa pili wa ukuta, anatapika kama mimi, anajitahidi kimya kimya ili wageni wasisikie. Sikuweza kwenda kule, na yeye hakuweza kurudi huku. Jagi lilikuwa bado na maji. Nikalisukuma kwa muguu taratibu pembeni ya ukuta, mpaka likapita kona, na mukono wake ukalichukua.